Chale, chanjo na wembe wa mchana mmoja

Ukikaa stendi ya Sumbawanga ukatazama watu wazima wanaopita, utaona vialama vidogo vyeusi: kifuani, kwenye kifundo cha mkono, wengine hata usoni. Ni chale. Mimi ninazo mbili kifuani. Tulichanjwa mimi na wadogo zangu, mchana mmoja, wembe mmoja. Dawa ilikuwa na masizi ndani yake, ndiyo maana alama hazijafutika: seli za kinga kwenye ngozi humeza chembe za masizi na kubaki nazo, na seli ikifa nyingine hupokea mzigo. Tatuu za mjini hudumu kwa njia hiyohiyo.

Kinachonisumbua mimi ni wembe.

Sasa sikiliza neno lenyewe, kuchanja. Chale huchanjwa, na hospitali pia tunachanjwa. Zamani mambo haya mawili yalifanana kweli. Chanjo ya ndui ilikuwa kukwaruza ngozi na kupaka majimaji, mara nyingine ya vipele vya mtu mwingine. Mwaka 1883, Bremen nchini Ujerumani, wafanyakazi 1,289 wa kiwanda cha meli walichanjwa hivyo. Miezi iliyofuata, 191 kati yao wakapata ugonjwa wa manjano. Waliochanjwa kwa majimaji mengine hawakuugua. Daktari Lürman aliandika kisa hicho 1885 (mwaka uleule mapadre walipokabidhiwa Karema, huku kwetu ziwani). Kitu fulani kilikuwa kimepita kutoka kwa mtu hadi mtu, ila hakikuwa na jina.

Kilitambulika baada ya Baruch Blumberg kuripoti alama yake kwenye damu, 1965: homa ya ini B. Kirusi chake huishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata kwenye damu iliyokauka usiyoiona. Mtoto mdogo akiambukizwa, ni rahisi kibaki naye miaka na miaka, kimyakimya, hadi ini liharibike au lipate saratani.

Tangu ukimwi uonekane Kagera 1983 tumeambiwa tusichangie vitu vyenye ncha kali, na wengi tukadhani ni ukimwi tu. Kumbe homa ya ini B huambukiza kwa damu kirahisi zaidi. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga Tanzania mwaka 2002. Umezaliwa kabla ya hapo na una chale? Kapime, halafu uombe kuchanjwa.

Mimi nimeshapima, sina. Mdogo wangu wa mwisho kila siku anasema ataenda Jumatatu.