Ujadi wa Makali: Upanga, Panga na Jambia

Mhunzi wa Ukonga, jirani na mnada wa mifugo wa Pugu, akifua kisu cha mchinjaji kutokana na springi ya gari, je, kisu hicho ni cha jadi? Wanaokikataa kwa kutazama chuma chake hupingwa na msamiati wenyewe. Jambia, fahari ya pwani, lina jina la Kiarabu litokanalo na janb, yaani ubavu (ingawa wavaaji wengi hulifunga mbele ya kiuno). Kotama hutambulishwa na kazi ya mgema mnazini, si kwa mahali lilipofuliwa. Upanga una ushahidi mzito zaidi. Silaha hiyo imo katika ngeli ya U-ZI, wingi wake panga. Ilhali panga la mkulima, wingi wake mapanga, limo katika LI-YA. Lugha imetenga vita na shamba kwa viambishi tu. Panga hilo, hata lilipoletwa kutoka viwanda vya Birmingham, halikupewa jina la kigeni. Kigezo cha chuma kingemtoa mhunzi wa Ukonga katika jadi, na kulibakiza jambia lining'inialo ukutani, lisilokata kitu.