Mvua ya Kimilili Ilipimwa Wapi? Historia ya Kujaza Pengo Kati ya Kipimo na Kipimo

Mkulima wa Kimilili, kati ya Kitale na Bungoma, akifungua simu yake asubuhi ya mwezi wa Machi, anaweza kuonyeshwa ramani ya mvua iliyonyesha wiki nzima iliyopita, na eneo la shamba lake likiwa na namba yake. Tuseme ni milimita 20. Ukiiona namba hiyo utadhani kuna mtu aliyesimama Kimilili akaipima. Huenda hakuna. Huenda imetokana na kipimo cha Kitale, kipimo cha Bungoma, na joto la mawingu lililosomwa na satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta.

Kazi ya kugeuza vipimo vichache kuwa vingi huitwa upandishaji wa sampuli. Hufanywa kwenye sauti, kwenye picha na kwenye takwimu za kila aina. Ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa hapa magharibi mwa Kenya, kati ya Mlima Elgon na mto Nzoia. Inafaa wakulima na viongozi wao waijue, maana siku hizi uamuzi wa kupanda, kununua chokaa au kulipwa bima unaweza kutegemea namba ambayo haikupimwa na mtu yeyote mahali inapotajwa.

Saa tatu asubuhi

Kipima mvua kilichozoeleka Kenya kina mdomo wa mviringo wenye kipenyo cha inchi 5. Kila siku saa tatu asubuhi msomaji humimina maji yaliyokusanyika kwenye mrija wenye alama, anasoma milimita, anaandika kwenye daftari. Hata kama mvua haikunyesha, anaandika sufuri. Sufuri nayo ni habari.

Waingereza walianzisha huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, miaka mitatu baada ya reli kufika Kitale. Kwa miongo mingi vipima mvua vingi vilitunzwa na watu wa kujitolea: walimu shuleni, wamishenari, wenye mashamba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilibaki na idara yake yenyewe. Baadaye vituo vya mvua vilipungua sana nchini. Chombo kikivunjika hakikuletwa kingine, mwalimu akihamishwa daftari lilikosa wa kulijaza.

Mdomo wa kipima mvua hicho una eneo la sentimita mraba 127 hivi. Kutoka Kitale hadi Bungoma, kwa mstari ulionyooka, ni takribani kilomita 70. Kitale iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, Bungoma mita 1,400 hivi, na kando yao Elgon unapanda hadi mita 4,321. Mchuzi uliokorogwa vizuri, kijiko kimoja kinatosha kukuambia chumvi yake. Mvua haikorogwi. Inaweza kuwanyeshea watu wa Chwele na kuwaacha wa Kanduyi, humohumo Bungoma, wakipigwa na jua alasiri hiyohiyo.

Basi mtu afanyeje na pengo hilo? Mwaka 1911 Mmarekani Alfred Thiessen alipendekeza njia rahisi: kila mahali papewe kipimo cha kituo kilicho karibu zaidi. Njia ya pili ni kukadiria kwa umbali. Tuseme siku moja Kitale imepata milimita 10 na Bungoma milimita 30. Mahali palipo katikati kabisa patapewa 20, na kadiri unavyoikaribia Bungoma ndivyo namba inavyopanda. Ramani inakuwa laini na ya kupendeza. Lakini kama siku hiyo mvua ya mawe ilishuka Kimilili peke yake, hesabu hiyo haina njia ya kuijua.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Afrika. Mwaka 1951 mhandisi Danie Krige wa Afrika Kusini, akitafuta namna ya kukadiria dhahabu ya Witwatersrand kutokana na matundu machache yaliyochimbwa, alionyesha kwamba uzito wa kila kipimo utokane na jinsi vipimo vinavyofanana kadiri vinavyokaribiana. Mfaransa Georges Matheron aliijenga hoja hiyo kihisabati katika miaka ya 1960 na kuipa jina la Krige. Uzuri wake ni kwamba kila kadirio linakuja na kiasi cha shaka yake. Ramani inaweza kusema "hapa nina uhakika" na "hapa nabahatisha". Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo linalopotea kabla namba haijafika kwenye simu ya mkulima.

Chinyimba kwenye simu

Upande wa sauti, mambo yalikwenda kwa uhakika zaidi. Sauti ikirekodiwa kidijitali, mashine hupima mgandamizo wa hewa mara nyingi kila sekunde. Swali likawa: kati ya kipimo na kipimo, tumepoteza nini? Mwanahisabati E. T. Whittaker wa Edinburgh aliligusa jibu mwaka 1915. Harry Nyquist akaliendeleza mwaka 1928, Mrusi Vladimir Kotelnikov mwaka 1933, na Claude Shannon akaliweka wazi mwaka 1949. Jibu lenyewe linashangaza: kama mitetemo yote ya sauti iko chini ya nusu ya idadi ya vipimo kwa sekunde, hakuna kilichopotea. Mstari mzima unaweza kurudishwa kutoka kwenye nukta zake.

Diski za CD zilipoingia sokoni mwaka 1982, zilibeba vipimo 44,100 kwa sekunde, kwa kuwa sikio la binadamu huishia mitetemo 20,000 hivi. Kampuni ya Philips, katika mashine zake za kwanza, ilipandisha vipimo hivyo mara nne hadi 176,400. Njia yake ni hii: kati ya kila vipimo viwili halisi huingizwa sufuri, kisha kichujio cha hesabu huondoa mitetemo yote ya juu iliyozalishwa na sufuri hizo. Kinachobaki ni mstari uleule wa awali, sasa ukiwa na nukta nyingi zaidi. Hakuna lililobuniwa. Faida yake ilikuwa kurahisisha kazi ya vichujio vya umeme vilivyofuata.

Kanuni hiyo ina upande wake mkali. Agosti ya mwaka wa shufwa, Wabukusu wanapopeleka wavulana jandoni, mtahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akipiga chinyimba, zile kengele za chuma zinazogongwa kwenye bangili za mkononi. Mtu akiwa Bungoma akimpigia simu nduguye aliye Nairobi ili asikie, simu ya kawaida hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde. Maana yake, kila mtetemo unaozidi 4,000 unakatwa kabla ya kupimwa. Nyimbo zitasikika, na nyuzi saba za litungu zitatambulika. Lakini mng'ao wa chuma cha chinyimba, ambao uko juu ya mpaka huo, hautafika. Irekodi simu hiyo, ipandishe hadi vipimo 44,100, hata 176,400. Nukta zitaongezeka na chuma hakitarudi. Upandishaji unarudisha kilichopimwa vya kutosha. Kisichopimwa hauwezi kukirudisha.

Eka moja kutoka angani

Kwenye picha, pengo liko kati ya pikseli na pikseli, zile nukta zinazounda picha. Satelaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, na pikseli yake moja ilifunika mita 80 kwa 80 hivi za ardhi, yaani zaidi ya eka moja na nusu. Kwa mashamba makubwa ya Trans Nzoia yaliyoachwa na walowezi, hilo lilitosha kutenga ngano na malisho. Kwa mkulima wa Bungoma mwenye eka moja, boma lake, mahindi yake, migomba yake na sehemu ya shamba la jirani vilikuwa rangi moja tu.

Kuikuza picha ya namna hiyo kuna njia kadhaa. Ya kwanza hunakili pikseli iliyo karibu, na kingo zinatoka kama ngazi. Ya pili huchukua wastani wa pikseli nne, na picha inakuwa ya ukungu. Ya tatu, iliyowekwa sawa na Robert Keys mwaka 1981, hutumia pikseli kumi na sita na kutoa mistari safi zaidi. Zote tatu hupanga upya kilichopo.

Kuna njia bora zaidi, nayo ni kutafuta kipimo kingine. Landsat 7, iliyorushwa mwaka 1999, ilipiga picha mbili kwa pamoja: ya rangi kwa mita 30, na ya weusi na weupe kwa mita 15. Ukiziunganisha, rangi hutoka kwa moja na kingo za mashamba kwa nyingine. Hapo picha imeongezewa ukweli, kwa sababu kingo zile zilionekana kweli na jicho la pili.

Kisha, kuanzia mwaka 2014, Chao Dong na wenzake huko Hong Kong walifungua mlango mpya: kuifundisha mashine kwa maelfu ya jozi za picha, hafifu na safi, hadi ijue picha safi hufananaje. Ikipewa picha hafifu, hujaza maelezo yanayoelekea kuwa kweli. Hili linasaidia sana, ila lina hatari yake. Mashine iliyofundishwa kwa mashamba mapana yaliyonyooka inaweza kuchora mpaka ulionyooka pale ambapo Bungoma kuna ua wa michongoma uliopinda. Picha itapendeza, na mpaka hautakuwepo.

Siku tano kugeuzwa siku moja moja

Sasa turudi kwenye mvua. Takwimu zinazotumika sana leo Afrika Mashariki ni CHIRPS, kazi ya Chris Funk na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na taasisi ya jiolojia ya Marekani. Zinaanza mwaka 1981, na kila mraba wake una upande wa kilomita 5 na nusu hivi. Satelaiti hutazama muda ambao vilele vya mawingu vimekuwa baridi, hesabu hugeuza muda huo kuwa mvua, halafu vituo vya ardhini vilivyo karibu husahihisha matokeo. Ni ile njia ya macho mawili: satelaiti inatoa umbo la mvua, kipima mvua kinatoa ukweli wa kiasi chake.

Jicho moja likidhoofika, jingine linaelemewa. Penye mlima, mvua huweza kushuka kutoka mawingu yasiyopanda juu wala kupoa sana, na satelaiti inayotafuta baridi huipunja. Miteremko ya Elgon ndipo hasa vituo vya ardhini vinapohitajika.

Kuna la muda pia. CHIRPS hukokotolewa kwanza kwa vipindi vya siku tano, kisha jumla hiyo hugawanywa siku kwa siku kwa msaada wa takwimu nyingine. Hapa Kitale jambo hili si dogo. Kituo cha utafiti cha Kitale, kilichotoa mahindi chotara H611 mwaka 1964, ndipo pia ambapo A. Y. Allan katika miaka ya 1960 alionyesha jinsi mavuno yanavyoshuka kwa kila siku mkulima anayochelewa kupanda baada ya mvua kuanza. Siku moja ina thamani ya magunia. Simu ikimwambia mkulima kwamba mvua ilianza Jumanne, ana haki ya kujua kama Jumanne hiyo ilipimwa au iligawanywa kutoka jumla ya siku tano.

Udongo umepitia njia hiyohiyo. Mwaka 2021 mradi wa iSDA ulitoa ramani ya udongo wa Afrika yote kwa mraba wa mita 30, iliyofunzwa kwa sampuli zaidi ya laki moja za bara zima. Ramani hiyo inafaa kwa mpango wa kaunti. Kwa shamba moja la Kanduyi, kiasi cha chokaa bado kinahitaji udongo wa shamba hilo upelekwe maabara.

Bima nayo ilikuja. Machi 2016 serikali ilizindua bima ya mazao ya mahindi na ngano ikianzia Bungoma, Embu na Nakuru. Maeneo yaligawanywa, mavuno yakapimwa kwenye viwanja vya sampuli, na wastani wa eneo ukiwa chini ya kiwango, wote waliokata bima eneo hilo wanalipwa. Ni mpango wenye busara, kwa kuwa kukagua kila shamba ni gharama isiyobebeka. Ila aliyepigwa na mvua ya mawe peke yake, katika eneo lililovuna vizuri, wastani hauna jibu kwake. Kadiri maeneo yanavyokuwa madogo na viwanja vya sampuli vingi, ndivyo haki inavyomsogelea.

Kazi iliyobaki

Leo watafiti wa Oxford pamoja na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu, wanatumia akili unde kuboresha utabiri wa mvua wa Afrika Mashariki, na mashine yao hutoa uwezekano mwingi badala ya namba moja, jambo ambalo Krige angelifurahia. Mradi wa TAHMO nao umekuwa ukiweka vituo vya kujiendesha, vingi vikiwa shuleni, ukilenga kituo kimoja kila kilomita 30 hivi barani Afrika. Kazi hizi mbili zinahitajiana. Mashine inajifunza kutokana na vipimo, na ramani bila vipimo itazidi kuwa laini huku ikizidi kukosea.

Tangu Katiba ya 2010, kilimo kiko mikononi mwa kaunti. Bungoma ina wadi 45, Trans Nzoia ina 25. Kipima mvua kimoja kwa kila wadi, kwenye shule yenye mwalimu anayelipwa kidogo kwa kukisoma saa tatu kila asubuhi, ni vipima mvua 70. Ni gharama ndogo katika bajeti ya kaunti, na ni ukweli ambao hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuubuni. Na kampuni au idara yoyote inayompelekea mkulima namba iandike kando yake: imepimwa hapa, au imekadiriwa, na kwa shaka kiasi gani. Mkulima anayeweka mbegu na mbolea yake ardhini anaweza kuvumilia shaka akiambiwa ukubwa wake. Asichostahili ni kuuziwa kadirio kwa jina la kipimo.