Kobe Chapati wa Ruaha: Kiumbe Halisi Anayefanana na Stori ya Kutunga

Mwambie mtu aliyekaa kijiweni pale Mwanjelwa kwamba kuna kobe mwembamba kama chapati, ambaye akiona hatari hajifichi ndani ya gamba lake bali anakimbia, anapanda mwamba, kisha anapotea ndani ya jiwe mbele ya macho yako. Atacheka. Atakuuliza hiyo video umeitengeneza kwa app gani.

Kumbe kobe huyo yupo, tena yupo kwenye hifadhi ambayo Iringa na Mbeya wanaigawana: Ruaha.

Kitaalamu anaitwa Malacochersus tornieri. Kwa Kiswahili wapo wanaomwita kobe wa mawe, na kwa umbo lake jina la kobe chapati linamkaa vizuri zaidi. Akikua kabisa anafika sentimita 17 au 18, yaani urefu wa simu ya kisasa na kidogo. Kimo chake ni sentimita tatu hadi nne tu. Panga simu nne, moja juu ya nyingine, umeshampata. Uzito haufiki hata nusu kilo kwa wengi wao. Ukimshika kwa chini, gamba la tumbo linabonyea kidogo kwenye kidole, kitu ambacho kwa kobe wa kawaida hakiwezekani.

Watu wakimwona kwenye picha huwa wanasema ni kobe wa jangwani. Sio kweli, Tanzania haina jangwa, ila unaelewa kwa nini wanafikiri hivyo. Anaishi nchi kavu, kwenye vichaka na vilima vya mawe, kuanzia kaskazini mwa Kenya upande wa Samburu, akishuka kupitia katikati ya Tanzania mpaka Ruaha. Wengi wakisikia Nyanda za Juu Kusini wanawaza Tukuyu, migomba, chai na mvua isiyojua kupumzika. Wanasahau upande wa pili wa mikoa hiyohiyo, kule kwenye mibuyu na vumbi, ambako majani yanakauka miezi mingi na kiumbe mdogo anahitaji akili ya ziada ili kuishi. Akili ya kobe huyu ni kuingia kwenye ufa wa jiwe na kutulia humo. Jua likizidi, yumo. Kiangazi kikikolea, yumo. Akitokea mnyama mwenye meno, yumo tayari.

Ule msemo wa usione kobe kainama ukadhani kalala, anatunga sheria, kwa huyu haufanyi kazi. Huyu hainami kutunga chochote. Anakimbia kwanza, sheria baadaye.

Sasa historia yake. Mwaka 1903, enzi za Mjerumani, mtaalamu wa wanyama watambaao wa Vienna aliyeitwa Friedrich Siebenrock alimwandika kwa mara ya kwanza kwenye sayansi. Kobe aliyemtumia alitoka Busisi, kusini mwa Ziwa Victoria, palepale ambapo siku hizi watu wanapiga picha kwenye daraja la Kigongo–Busisi. Jina alilompa lilikuwa la kumuenzi Gustav Tornier, mtaalamu wa makumbusho ya Berlin aliyekuwa ameandika kuhusu wanyama watambaao wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tornier huyohuyo ndiye baadaye aliyeingia kwenye ubishi mkubwa akidai dinosaria mkubwa aina ya Diplodocus alitembea kwa kutambaa kama mjusi, miguu imetandazwa pembeni. Alikosea vibaya. Jina lake limebaki salama kwenye mgongo wa kobe.

Mwaka huo wa 1903 ilikuwa imepita miaka mitano tu tangu Mkwawa afe, Julai 1898. Pale Iringa mjini lipo jiwe la Gangilonga, maana yake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, ambapo inasimuliwa Mkwawa alikuwa akienda kutafakari. Leo vijana wanapanda pale jioni kupiga selfie na mji mzima uko chini yao. Nchi ya watu wanaoyapa mawe jina na sauti, halafu ndani ya mawe ya mkoa huohuo kuna kobe. Hakuna uhusiano wa kihistoria kati ya hayo mawili, lakini ni vigumu kutoyawaza pamoja.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia akaja Mwingereza mmoja, Arthur Loveridge, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1914 na baadaye akawa ofisa msaidizi wa wanyamapori Tanganyika. Alikuwa mtu wa nyoka, vyura na mijusi. Kobe chapati wa Dodoma alipofika mikononi mwa bingwa mwingine, George Albert Boulenger, mwaka 1920, Boulenger alidhani ni aina mpya kabisa na akampa jina la Loveridge. Kwenye maelezo yake alimwita kobe wa ajabu. Baadaye ikabainika ni yuleyule wa Busisi, na jina la zamani ndilo likashinda. Mwaka 1929 ndipo akapewa ukoo wake wa peke yake, Malacochersus, neno lenye maana inayokaribia mlaini wa nchi kavu.

Katika orodha hii ya mabwana kuna dada mmoja anayestahili sifa zaidi yao. Joan Procter, aliyezaliwa 1897, alikuwa mgonjwa karibu maisha yake yote, lakini ndiye aliyekuja kusimamia wanyama watambaao wa bustani ya wanyama ya London. Akiwa na miaka kama 25 tu alichapisha, mwaka 1922, uchunguzi wa mifupa ya kobe huyu. Alionyesha kwamba gamba la kobe huyu lina matundu makubwa kati ya mifupa, na mifupa yenyewe ni myembamba. Kila kobe mchanga anazaliwa na matundu ya namna hiyo, kisha mifupa inakua na kuyaziba. Wa kwetu anazeeka nayo. Amebaki na mifupa ya utotoni, na kwa sababu hiyo ni mwepesi, anabonyea, na anaweza kupanda mahali ambapo kobe mwingine angeanguka na kubaki miguu juu. Procter alifariki mwaka 1931 akiwa na miaka 34.

Kwenye majina yote hayo, Vienna, Berlin, London, hakuna jina la mtu aliyeinama kwenye ufa na kumtoa kobe. Kobe huyu haonekani barabarani. Kumpata unahitaji mtu anayejua mawe ya kwao, mchungaji au mwindaji au mtoto wa kijijini.

Muujiza wake mkubwa nao una stori. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba akiingia kwenye ufa anavuta pumzi na kujijaza kama puto, ndiyo maana huwezi kumvuta. Stori tamu, na mpaka leo inarudiwa mitandaoni. Mwaka 1972 watafiti wawili, Ireland na Carl Gans, walimpima na kukuta hajijazi. Anachofanya ni kukaza miguu, anajisukuma juu na pembeni mpaka gamba linabana kwenye jiwe. Ulaini wa gamba unamsaidia kuingia, nguvu ya miguu inamsaidia kubaki. Kiukweli, kiumbe cha nusu kilo kumshinda nguvu mtu mzima kwa miguu tu inashangaza kuliko puto.

Watu wa Mbeya na Iringa wana sababu ya kutokucheka haraka wakisikia habari za mnyama wa ajabu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizunguka maeneo ya Mlima Rungwe walisikia wenyeji wakitaja kipunji, nyani wa msituni mwenye aibu. Haikueleweka kama ni mnyama au ni roho ya kwenye hadithi. Mwisho wa mwaka huo wakamwona. Mwaka uliofuata akaonekana pia msitu wa Ndundulu, upande wa Udzungwa. Mwaka 2005 dunia nzima ikatangaziwa, na 2006 akawekewa ukoo mpya kabisa wenye jina la Rungwe ndani yake. Wazee walikuwa sahihi muda wote.

Kobe chapati shida yake ilikuwa kinyume. Yeye alijulikana mno. Ukiwa mdogo, mzuri, wa ajabu, unaingia kwenye boksi na huli sana, wafugaji wa ughaibuni watakutaka. Kenya ilizuia kumsafirisha mwaka 1981. Soko likahamia huku. Miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini Tanzania ilitoa kobe hawa kwa wingi kwenda Ulaya, Marekani na Asia, mpaka mwaka 1992 serikali ilipozuia kusafirisha waliokamatwa porini. Watafiti waliopita kwenye vilima miaka hiyo walikuta jambo la kusikitisha: maeneo yanayofikika kwa urahisi yalikuwa yamekombwa, na mawe yenyewe yamebanduliwa ili kumfikia aliyejibana ndani.

Hilo la mawe ndilo baya zaidi. Mti ukikatwa unaota mwingine. Ufa unaomtosha kobe wa sentimita nne umetengenezwa na jua na mvua kwa muda ambao hakuna anayeweza kuusubiri. Ukibandua jiwe, umefukuza huyo kobe na wote ambao wangekuja baada yake.

Halafu kuna hesabu ya yai. Kuku anakupa yai karibu kila siku akiwa kwenye msimu. Kobe chapati hutaga yai moja kwa wakati, mara chache kwa mwaka, na yai hilo linakaa miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa. Mtu akijaza gunia kwa siku moja amebeba kazi ya miaka mingi ya kilima kizima.

Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Agosti 2019, kwenye mkutano wa Geneva wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kobe huyu akapandishwa kwenye orodha ya kwanza, ile yenye ulinzi mkali kabisa. Mwaka huohuo akatajwa kuwa kwenye hatari kubwa sana ya kutoweka. Kwa hiyo yule kijana anayetumiwa meseji ya mteja yuko nje, wewe tafuta tu, hela ipo, anachezea Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, ambayo haimuulizi alilipwa shilingi ngapi. Mteja yuko nje kweli. Mahakamani atakayesimama ni aliyekutwa na gunia.

Na bado kuna kitendawili kimoja. Mwaka 2006 iliandikwa rasmi kwamba kobe chapati wapo pia Zambia, kwenye wilaya ya Nakonde. Nakonde ndiyo ile unayoiona ukisimama Tunduma, ng'ambo ya mpaka. Sasa chukua ramani. Juu kuna Ruaha, chini kuna Nakonde, katikati kuna Mbeya na Songwe, ambayo mpaka mwaka 2016 ilikuwa Mbeya hiyohiyo. Kobe asiyependa kutoka nje ya kilima chake hakupanda basi la Tunduma. Alifika kwa miguu, jiwe kwa jiwe, vizazi kwa vizazi, na mahali fulani njiani lazima aliacha ndugu. Kama wamebaki, wako kwenye nyufa ambazo wachungaji wa upande wa Usangu na Songwe wanapita karibu nazo kila kiangazi, na huenda wapo waliowahi kuwaona wala hakuna aliyewauliza.