Kutafuta Pa Kupimia Keneli

Mwaka 1968 Edsger Dijkstra, profesa wa chuo cha ufundi cha Eindhoven, Uholanzi, alichapisha maelezo ya mfumo endeshi ulioitwa THE, uliotungwa na kikundi kidogo kwa ajili ya kompyuta ya Electrologica X8. Ulipangwa kwa tabaka. La chini kabisa liligawa muda wa prosesa, la juu yake likasimamia kumbukumbu, na hakuna tabaka lililoongezwa kabla ya lile la chini yake kupimwa kikamilifu. Dijkstra alisema majaribio hayo yalifichua makosa madogo tu ya uandishi, kama moja kwa kila amri 500. Alijisifu, naam, lakini alikuwa na haki: keneli, ile sehemu ya mfumo endeshi inayoshika maunzi moja kwa moja, hupimika pale tu ilipojengwa ipimike.

Waliotamba baadaye hawakujenga hivyo. Unix, iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1969, ilikuwa na keneli ya pande moja lisilogawanywa kwa tabaka. Mambo yakiharibika kabisa iliita fanksheni iitwayo panic, mashine ikasimama. Linux ya Linus Torvalds, iliyotoka Helsinki mwaka 1991, ilirithi umbo hilohilo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, waandishi wa programu za kawaida walikuwa na JUnit ya Kent Beck na Erich Gamma, wakipima fanksheni moja moja kila walipogusa msimbo. Watu wa keneli walibaki nyuma, na si kwa uvivu. Fanksheni yao haina maisha nje ya keneli: inategemea kufuli, vikatizi na kumbukumbu ambavyo keneli yenyewe huvisimamia. Jaribio likienda kombo, linaweza kuiangusha kompyuta nzima pamoja na ushahidi. Ndiyo maana mradi wa Linux Test Project, ulioanzishwa na kampuni ya SGI mwaka 2000, ulipima zaidi kutokea nje, kwa kuipa keneli maombi na kutazama majibu. Ukiona jibu baya, bado hujui ni fanksheni ipi kati ya maelfu iliyokosea.

Kilichokosekana ni mahali salama pa kupimia. Jeff Dike alikuwa ameshaanza kupatengeneza mwaka 1999: User Mode Linux, keneli inayoendeshwa kama programu ya kawaida, ikianguka inaanguka peke yake. Upande wa NetBSD, mfumo endeshi mwingine, Antti Kantee alichomoa vipande vya keneli vikaendeshwa nje yake, kazi aliyoitetea kwa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mwaka 2012. Mwaka 2018 Brendan Higgins wa Google akapendekeza KUnit, zana ya kupima fanksheni za keneli moja moja, iliyotumia keneli ile ya Dike kama uwanja wake. Iliingia katika Linux 5.5, Januari 2020.

Jaribio ninalolipenda kati ya yale ya mwanzo ni la ext4, mfumo wa mafaili. Hapo awali tarehe za mafaili zilihifadhiwa kwa biti 32, zikihesabu sekunde kutoka 1970, hivyo zingefika ukomo Januari 2038. Ext4 iliongeza biti mbili, ukomo ukasogea hadi Mei 2446. Jaribio huchukua namba za mipakani, kuanzia Desemba 1901, huziingiza katika fanksheni inayozifasiri, kisha hulinganisha sekunde zilizotoka na zilizotarajiwa. Hakuna diski wala faili. Nani angesubiri 2038 ili kujua kama hesabu iko sawa?

Hesabu kama hiyo ndiyo inayopimika kwa urahisi. Nyuzi mbili za utekelezaji zinazogombea data ileile hazinaswi hivyo. Hizo huwindwa na zana kama syzkaller, inayoirushia keneli maombi ya kubahatisha. Navyo viendeshi vya vifaa, vinavyochukua sehemu kubwa zaidi ya msimbo wa Linux, huhitaji kwanza kutungiwa kifaa bandia, kazi ambayo mara nyingi huzidi kuandika jaribio lenyewe.