Asili ya Jina la Yurea

Mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, sayansi hufundishwa katika shule za sekondari kwa Kifaransa. Hivyo mbolea ya yurea hujulikana huko kitaalamu kama urée. Jina hilo liliundwa na wanakemia wa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18 kutokana na neno la Kiyunani ouron, yaani mkojo, kwani humo ndimo dutu hiyo ilimopatikana kwanza. Mwaka 1828, Friedrich Wöhler aliiunda katika maabara mjini Berlin pasipo mkojo wala figo, jina halikubadilika. Basi anayedai kwamba yurea haina uhusiano wowote na samadi hukanushwa na jina lenyewe: mbolea ya kiwandani na ya zizini ni za ukoo mmoja.