Ndege ya kujiundia: istilahi na kazi iliyomo ndani yake

Kila baada ya muda huzuka habari kwamba fundi wa mji fulani wa pembezoni ametengeneza ndege. Mwaka 2019 zamu ilikuwa ya Adam Kinyekile wa Tunduma, mkoani Songwe, na helikopta yake aliyoiunda karakanani. Nchini Kenya alikuwa ametangulia Gabriel Nderitu, ambaye kwa miaka mingi alijaribu muundo mmoja baada ya mwingine, mmojawapo ukitumia injini ya gari. Picha husambaa, pongezi humiminika, viongozi hutembelea karakana, kisha kimya. Naamini sehemu ya kimya hicho inatokana na kukosa jina sahihi la kitu chenyewe, kwa sababu kitu kisicho na jina hakina fomu ya kujaza wala ofisi ya kukipokea.

Tuanze na "kutengeneza". Ukimwambia mkazi wa Makanyagio, pale Mpanda mjini, mkoani Katavi, kwamba fundi ametengeneza pikipiki, ataelewa kwamba ilikuwa mbovu na sasa inatembea. Neno hilo linabeba kurekebisha na kuzalisha kwa pamoja, na kwa pikipiki hakuna hasara. Kwa ndege hasara ipo. Kurekebisha ndege ya shirika ni kazi ya fundi mwenye leseni, anayetia saini kwa kila skrubu aliyoigusa. Kuunganisha ndege katika karakana ya biashara ni kazi nyingine: Morogoro ipo kampuni ya Airplanes Africa Limited, ambayo huunganisha ndege ndogo za Skyleader zenye asili ya Ucheki. Ya tatu ni mtu binafsi anayejenga ndege moja kwa mikono yake, ili airushe yeye. Kiingereza huiita "homebuilt", na nyaraka za sheria huandika "amateur-built". Magazeti yetu huzitia zote tatu kwenye kapu la "kutengeneza".

Majina kadhaa yamekuwa yakipendekezwa. "Ndege ya nyumbani" ni tafsiri sisisi, na humfanya msomaji afikirie mahali inapolazwa badala ya mtu aliyeijenga. "Ndege ya kienyeji" nalikataa moja kwa moja, maana neno kienyeji likiwekwa mbele ya mashine huwa limeshahukumu kwamba ni duni. "Ndege ya majaribio" lina ukweli ndani yake, na Marekani ndege za aina hii hubandikwa neno la maana hiyo kwa herufi kubwa ili abiria alione kabla ya kupanda. Lakini linazikusanya pia ndege za viwanda zinazopimwa kabla ya kuingia sokoni. Linalopendwa zaidi ni "ndege ya ubunifu", na hilo ndilo linalopotosha zaidi. Watu wengi wanaojijengea ndege duniani hawabuni chochote. Hununua michoro au vifurushi vya sehemu ambavyo mhandisi amekwisha kuvipigia hesabu na wengine wamekwisha kuvirusha. Ndege za RV, zilizoanzishwa na Mmarekani Richard VanGrunsven, zimekwisha kukamilishwa na kurushwa zaidi ya 11,000, karibu zote na watu binafsi. Kijana wa Kitanzania anapoambiwa kwamba sifa yake ni ubunifu, anasukumwa kwenye njia ngumu na ya hatari kuliko zote: kubuni bawa lake mwenyewe.

Napendekeza "ndege ya kujiundia". Kuunda ni kitenzi cha zamani cha waunda vyombo. Jahazi huundwa, na kutokana na kitenzi hicho tumepata kiunzi, yaani mifupa ya chombo kabla ya kupigiliwa mbao, na pia muundo. Mkoa wa Katavi haukikopi kitenzi hiki kutoka mbali, kwani Karema na Ikola ziko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na boti za mbao zinajulikana huko. Kiambishi -ji- kinamrudisha mtendaji kwenye kazi yake, na ile -ia ya mwisho inaonyesha kwamba anaifanya kwa ajili yake. Ndege "inayojiunda" ingekuwa muujiza. Ya "kujiundia" ina mtu nyuma yake, mwenye jina, atakayeulizwa.

Na hapo istilahi inakutana na sheria. Kanuni za Marekani, ambazo nchi nyingi zimezitazama, zinataka sehemu kubwa ya ujenzi ifanywe na watu wanaojenga kwa ajili ya elimu au burudani yao wenyewe. Mazungumzoni kanuni hiyo huitwa ya asilimia 51. Mfano wa karibu nasi ni vijana 20 wa Afrika Kusini, wa mradi wa U-Dream Global ulioanzishwa na Megan Werner, ambao mwaka 2019 waliiunda Sling 4, ndege ya viti vinne, kutoka kifurushi cha kiwanda cha nchini mwao. Kazi kama hiyo kwa kawaida hukadiriwa kuchukua saa 3,000 hivi. Injini na vyombo vya kielektroniki waliachiwa wataalamu, lakini mwili na mabawa yalipita mikononi mwao. Kisha marubani vijana wa mradi huo waliirusha kutoka Cape Town hadi Cairo. Hiyo ni ndege ya kujiundia kwa kila kigezo, na hakuna aliyehitaji kudai kwamba wameivumbua.

Sasa tuingie karakanani, maana istilahi isiyoshika bisibisi haitadumu. Ndege nyingi za kujiundia hufungwa kwa ribiti za alumini. Chukua ribiti ya kipenyo cha milimita 3.2. Ukishaibonda, kichwa kipya upande wa pili kinatakiwa kiwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo, yaani milimita 4.8, na kimo cha nusu ya kipenyo, milimita 1.6. Katikati ya tundu pasiwe karibu na ukingo wa bati kuliko vipenyo viwili, milimita 6.4. Kichwa kikiwa kipana mno ribiti imebondwa kupita kiasi. Kikiwa kirefu bado haijashika. Ndege ndogo ya viti viwili ina maelfu ya ribiti, na mkaguzi ana haki ya kutia kipimo kwenye yoyote. Fundi mzuri wa Mpanda anayechomelea mageti kwa skwea paipu anao mkono wa kazi hii; asichokuwa nacho ni karatasi inayomwambia vipimo hivyo kwa lugha yake.

Mbao nazo zina somo. Mkoa wa misitu ya miombo, wenye mninga wa kusifika, unamshawishi mtu achonge boriti ya bawa, ule mhimili mkuu unaobeba uzito wote angani, kwa mninga. Lakini mninga mkavu una uzito wa kilo 600 na zaidi kwa mita moja ya ujazo, wakati spruce ya Sitka, mti uliozoeleka katika ndege za mbao, una kilo 400 na ushei. Boriti iliyochorwa kwa spruce ikichongwa kwa mninga kwa vipimo vilevile inaongeza nusu nzima ya uzito wake, na hesabu zote za mchoraji zimeshavunjika.

Uzito huo unauma zaidi Mpanda kuliko pwani. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba kwa bawa na injini ni kama uwanja uko karibu mita 2,000. Injini isiyo na tabo, yenye nguvu farasi 100 vitabuni, hapo inatoa kama 80. Panga, yaani propela, nalo linakata hewa nyembamba. Njia ya lami ya kiwanja cha Mpanda, inayotosha ndege za Air Tanzania, itamvumilia rubani mwanafunzi. Mtu anayewaza kutua kwenye kiwanja cha vumbi kama Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, lazima apige hesabu hiyo upya asubuhi, adhuhuri na alasiri.

Neno la pili linalohitaji kuwekwa sawa ni umaliziaji. Kwa fundi nyumba, umaliziaji ni plasta, vigae na rangi: kazi ya kupendezesha kilichokwisha kusimama. Kwenye ndege rangi ni mzigo unaopimwa. Tuseme ndege yako ya magurudumu matatu imewekwa kwenye mizani tatu. Magurudumu makuu mawili, yaliyo mita 2.10 nyuma ya pua, yanabeba kilo 150 kila moja. Gurudumu la mbele, mita 0.60 kutoka puani, linabeba 80. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, gawanya kwa kilo zote 380: kitovu cha uzito kiko mita 1.78 kutoka puani. Sasa ongeza kilo 5 za rangi, puti na kibati cha kuimarisha kwenye mkia, mita 5.5 nyuma. Kitovu kinarudi hadi mita 1.83. Sentimita 5 zinaonekana kidogo, lakini katika ndege ya ukubwa huo masafa yote yanayoruhusiwa huweza kuwa 30 au pungufu, na bado rubani, abiria na mafuta hawajapanda. Kitovu kikirudi nyuma kupita mpaka, pua huinuka na haishuki tena kwa usukani.

Kuna jambo jingine ambalo rangi hulifanya kimyakimya. Vibawa vinavyogeuka, vya mabawani na mkiani, husawazishwa kwa uzito kwenye bawaba zao. Koti nene la rangi upande wa nyuma huharibu usawa huo, na kwa mwendo wa kasi kibawa huanza kutetemeka chenyewe. Mtetemo ukishika unaweza kung'oa mkia kwa sekunde chache. Ndiyo maana usawazishaji hupimwa baada ya rangi kukauka. Picha ya ndege inayong'aa nje ya karakana haimwambii mtazamaji lolote kuhusu hilo.

Kwa hiyo ndege ya kujiundia haikamiliki siku inapopakwa rangi. Hukamilika inapothibitika kwamba inastahiki kuruka, na "ustahiki wa kuruka" ndiyo istilahi ninayoitaka kwa "airworthiness". "Ubora" halitoshi, kwa sababu kiti kizuri nacho ni ubora. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unataka kila ndege ya safari za kimataifa iwe na cheti cha ustahiki kutoka nchi iliyoisajili. Ndege za kujiundia kwa kawaida hazipati cheti hicho kamili; hupewa kibali maalumu chenye masharti, na kibali hicho hakimpi mtu ruhusa ya kuvuka ziwa kutoka Karema kwenda Kongo bila Kongo yenyewe kukubali. Marekani, ndege mpya ya aina hii kwa desturi hurushwa saa 25 au 40 za mwanzo, kutegemea injini na panga vilivyofungwa, ndani ya eneo lililopangwa na bila abiria. Kila safari huandikwa: kasi, joto la mafuta, tabia yake inapokaribia kukosa mwinuko.

Hatua hiyo ndiyo wengi wanayotaka kuiruka. Wapo watakaosema Katavi ina pori la kutosha la kujaribia. Hifadhi peke yake ina kilomita za mraba 4,471. Lakini hifadhi ina tumbusi, na historia ya nchi hii inajua maana yake: tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, rubani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, alikufa baada ya tumbusi kugonga bawa la Dornier yake yenye michoro ya pundamilia. Ile ilikuwa ndege ya kiwandani, iliyokaguliwa. Eneo la majaribio huchaguliwa kwa ramani na kwa idhini, wala upweke wa mahali hautoshi.

Nchini mwetu mwenye kutoa idhini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na alama za usajili zinazoanza na 5H hutoka huko. Naiomba Mamlaka hiyo, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ziketi na walimu wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, wanaofundisha mafundi wa ndege, ziandae mwongozo mfupi wa Kiswahili kwa mtu anayetaka kujiundia ndege: hatua za ukaguzi, vipimo, majina ya sehemu. Ziyakubali maneno haya au zilete yaliyo bora. Ribiti, kiunzi, boriti ya bawa, kitovu cha uzito, ustahiki wa kuruka: fundi wa Mpanda akiyasoma atajua anaulizwa nini.

Nawe fundi, kabla hujanunua bomba la kwanza, andika barua TCAA ukieleza unachotaka kujenga. Tafuta michoro iliyokwisha kurushwa na wengine. Nunua daftari gumu, na kila siku ya kazi andika ulichofanya, piga picha kabla hujafunika kiungo chochote, kwa maana mkaguzi hatakubali kusadiki asichoweza kukiona.