Fimbo Mpya Kila Msimu: Jinsi Kifaa cha Gofu Kilivyogeuka Bidhaa ya Mwaka

Hesabu za hazina ya Uskoti zinaonyesha kwamba mwezi Septemba 1502 Mfalme James IV alimlipa fundi wa pinde wa mji wa Perth shilingi 14, bei ya fimbo. Ndiye mnunuzi wa kwanza wa fimbo za gofu ambaye jina lake linajulikana. Miaka 45 kabla ya hapo babu yake, James II, alikuwa ameupiga marufuku mchezo huo kwa sheria ya bunge, akihofia kwamba vijana wangeacha mazoezi ya upinde na mshale na nchi ikakosa walinzi. Mjukuu hakujali sana. Muda si mrefu hazina hiyohiyo ikaandika malipo mengine ya fimbo na mipira, na hivyo mteja wa kwanza wa gofu akawa pia wa kwanza kurudi kununua tena.

Alikuwa na sababu, kwani fimbo za wakati huo zilivunjika ovyo. Kichwa kilichongwa kirefu na chembamba kutokana na mti mgumu kama mtufaha au mpea, kikaunganishwa na mpini kwa mkato wa mshazari, gundi, na uzi uliozungushwa ukapakwa lami. Nyuma ya kichwa palitobolewa na kumiminwa risasi iliyoyeyushwa ili kuongeza uzito, na ukingo wa mbele ukawekwa kipande cha pembe ya kondoo ili usilike kwa kukwangua ardhi. Kazi hiyo ilihitaji mtu aliyeujua mti na namna unavyopinda, na ndiyo maana ilianzia kwa mafundi wa pinde. Hata William Mayne, aliyeteuliwa mwaka 1603 kuwatengenezea fimbo James VI na wafuasi wake, alitokana na ufundi huo. Fimbo za chuma zilikuwepo, lakini chache, kwa sababu pigo moja baya la chuma lingeweza kuupasua mpira.

Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi iliyoshindiliwa manyoya ya ndege yaliyochemshwa. Fundi hodari alitengeneza michache tu kwa siku, ukawa ghali, na mvua iliuharibu. Mwaka 1848 hivi ukaingia mpira wa gutapecha, utomvu wa miti ya rasi ya Malaya ambao ulilainishwa kwa maji moto, ukaviringishwa na kuachwa ugande. Bei ilishuka mno. Allan Robertson wa St Andrews, bingwa wa zama zake aliyeishi kwa kutengeneza mipira ya manyoya, aliona riziki yake inakwenda. Msaidizi wake, Tom Morris, alipoonekana akicheza na mpira mpya, wawili hao wakakorofishana na kutengana, na mwaka 1851 Morris akahamia Prestwick. Ni huko Prestwick ambako miaka 9 baadaye yalianza mashindano yanayoitwa hadi leo The Open.

Kutokana na kisa hicho ulianza mtindo uliojirudia mara kwa mara: mpira hutangulia kubadilika, na fimbo hulazimika kuufuata. Gutapecha ilikuwa ngumu kiasi cha kuvipasua vichwa virefu vya zamani, hivyo vikafupishwa na kunenepeshwa. Mipini ikaanza kutengenezwa kwa hikori, mti wa Marekani unaonyumbuka bila kukatika, na karakana ya Robert Forgan huko St Andrews ikajijengea jina kwa mipini hiyo. Chuma nacho kikapata nafasi yake, maana mpira mpya ulikistahimili. Kisha mwaka 1898 Coburn Haskell wa Ohio, akisaidiana na Bertram Work wa kiwanda cha mpira cha B.F. Goodrich, alibuni mpira wenye nyuzi za raba zilizokazwa kuzunguka kiini. Sandy Herd alishinda The Open ya mwaka 1902 akiwa na mpira huo, akimwacha Harry Vardon kwa pigo moja tu. Baada ya hapo gutapecha haikuchukua muda kutoweka viwanjani.

Mabadiliko yaliyozaa soko la leo, hata hivyo, hayakuanzia kwenye mpira wala kwenye kichwa cha fimbo. Yalianzia kwenye mpini. Hakuna vipande viwili vya hikori vinavyofanana. Kimoja hupinda zaidi, kingine hujinyonga fimbo inapozungushwa, na mchezaji wa zamani alikusanya fimbo zake moja moja kwa miaka, akizichagua kwa kuzipima mkononi. Bobby Jones alizikusanya zake namna hiyo, na ni mipini ya hikori aliyoitumia mwaka 1930 kushinda mashindano yote manne makubwa ya wakati wake. Aliyekuwa na seti ya namna hiyo hakuwa na haja ya kuibadilisha, na hata angetaka, asingeipata nyingine kama hiyo dukani.

Chuma cha pua kiliondoa kikwazo hicho. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kiliruhusu mipini ya chuma mwaka 1924, na R&A ya St Andrews, inayotunga sheria za gofu kwingineko duniani, ikakubali mwaka 1929. Billy Burke akaitumia kushinda US Open ya 1931. Kwa kuwa kiwanda sasa kiliweza kutoa mipini elfu iliyofanana, kiliweza pia kuuza fimbo kwa seti, kila moja ikiwa na nambari yake badala ya majina ya Kiskoti yaliyotofautiana kutoka karakana hadi karakana. Na palipo na seti pana pengo la kujaza. Wachezaji wakaanza kubeba fimbo 20 na zaidi, na mzigo wote ukamwangukia kedi, mbeba fimbo. USGA ikaweka kikomo cha fimbo 14 mwaka 1938, R&A ikafuata mwaka 1939, na kikomo hicho hakijaguswa tangu hapo.

Baadhi ya ubunifu wa miaka hiyo ulitoka gereji badala ya kiwandani. Gene Sarazen, akihangaika kutoa mpira kwenye mahandaki ya mchanga, alichomelea metali ya ziada chini ya fimbo yake ili isizame bali iteleze juu ya mchanga. Aliishinda The Open ya mwaka 1932 huko Prince's nchini Uingereza. Inasimuliwa kwamba siku za mazoezi aliificha fimbo hiyo chini ya koti kila jioni, asije akapigwa marufuku kabla ya kuanza.

Karsten Solheim naye alianzia nyumbani. Alizaliwa Norway, akawa fundi viatu Seattle, kisha mhandisi wa General Electric. Alianza gofu akiwa mtu mzima na alisumbuka sana na mapigo ya mwisho, yale ya kuuviringisha mpira kuingia shimoni. Mwaka 1959 alitengeneza fimbo ya kusukumia ambayo uzito wake aliuondoa katikati ya kichwa na kuupeleka kwenye ncha zote mbili. Fimbo ya kawaida ikigonga mpira kando kidogo ya katikati, kichwa hujigeuza mkononi na mpira hupotea njia. Kichwa chenye uzito pembeni hukataa kugeuka, na kosa la mchezaji hupungua makali. Fimbo hiyo ililia "ping" ilipogusa mpira, na mlio ukawa jina la kampuni. Toleo lililovuma kuliko yote, Anser, la mwaka 1966, alilichora kwanza kwenye jalada la sahani ya santuri. Hesabu yake ya uzito pembeni imo ndani ya karibu kila fimbo inayouzwa leo, na kama kuna mtu mmoja aliyemsaidia mchezaji wa kawaida kuliko bingwa, ni huyo.

Alipohamishia wazo hilo kwenye fimbo za chuma, Solheim aligongana na watunga sheria. Walidai kwamba mifereji kwenye uso wa fimbo zake za Ping Eye2 ilikaribiana kupita kipimo, tofauti ambayo macho hayaioni. Mzozo ulifika mahakamani, na kesi ilimalizwa mwaka 1990 kwa mapatano: zilizokwisha kutengenezwa zikabaki halali. Miaka 20 baadaye sheria mpya ilipunguza ukali wa mifereji kwa wachezaji wa kulipwa, na ghafla baadhi yao, akiwemo Phil Mickelson, wakazichomoa Ping za zamani zilizolindwa na mapatano yale. Ilibidi kampuni yenyewe ikubali kuilegeza haki hiyo ili zizuiwe. Ilikuwa nadra kuona mabingwa wakiikimbilia fimbo kwa sababu ni kuukuu.

Fimbo ya kupigia mbali, draiva, ilikawia kuuacha mti. Vichwa vya mti wa pasimoni vilitawala karibu karne nzima. Mwaka 1979 Gary Adams alianzisha kampuni ya TaylorMade huko Illinois na kuuza draiva yenye kichwa cha chuma kilicho wazi ndani, nayo ikapata watu polepole. Aliyeugeuza ugunduzi huo kuwa tamaa ya umma alikuwa Ely Callaway, mfanyabiashara wa nguo na kisha wa mvinyo, aliyenunua kampuni ndogo ya fimbo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1991 alitoa Big Bertha, jina la mzinga wa Kijerumani wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kichwa chake kilikuwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 190, kikubwa kuliko watu walivyozoea, na mtu asiye hodari alijikuta anapiga mpira ukaenda. Mauzo ya kampuni yaliruka kutoka dola milioni 22 mwaka 1990 hadi milioni 132 mwaka 1992. Mwaka 1995 likaja toleo la titani kwa dola 500 hivi, na wateja hawakurudi nyuma.

Titani ni nyepesi na imara, hivyo kichwa kiliweza kuvimba na uso kuwa mwembamba kiasi cha kuudundisha mpira kama trampolini. USGA iliweka kipimo cha mdundo huo mwaka 1998, na mwaka 2004 ukubwa wa kichwa ukafungwa kwa sentimita za ujazo 460. Katikati ya hapo, Oktoba 2000, kampuni ya Titleist ilitoa mpira wa Pro V1 na wachezaji wa kulipwa wakauhamia kwa makundi. Takwimu za PGA Tour, ligi ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, zinasema waziwazi: wastani wa draiva ulikuwa yadi 257 mwaka 1980 na yadi 260 mwaka 1993, kisha yadi 286 mwaka 2003. Miaka 13 ilileta yadi 3. Iliyofuata 10 ikaleta 26.

Ugumu kwa wauzaji ulianza hapo. Mipaka ikishafikiwa, draiva ya mwaka huu haiwezi kuipita sana ya mwaka jana, ilhali kalenda ya biashara haingoji fizikia. Ukaingia utaratibu wa toleo jipya kila mwaka, na baadhi ya kampuni zikatoa mawili au matatu ndani ya mwaka mmoja: rangi nyeupe, vizito vya kuhamishwa kwa bisibisi, kaboni mahali pa titani. Kwenye fimbo za chuma ujanja ni wa kimyakimya zaidi. Miaka ya 1970 uso wa fimbo nambari 7 ulikuwa na mwinamo wa nyuzi 37 hivi. Leo nyingi zina nyuzi 30 au pungufu, mwinamo ambao zamani ulikuwa wa nambari 5. Mteja anajaribu nambari 7 mpya dukani, mpira unapita wa nambari 7 yake ya zamani, naye anatoa kadi ya benki. Ni kweli kwamba wahandisi wameshusha uzito chini ya kichwa ili mpira uendelee kupaa, na hilo si hila tupu. Lakini sehemu kubwa ya yadi zile imetokana na nambari iliyopigwa chapa chini ya fimbo.

Wachezaji wa kawaida hawakufuata mstari wa mabingwa. Vipimo vilivyofanywa kwa wanaume wa ridhaa nchini Uingereza vilionyesha wastani wa yadi 200 hivi mwaka 1996, ukapanda hadi 215 hivi katikati ya miaka ya 2000, na ukakwama karibu na hapo. Mwinuko wa ardhi ungewapa zaidi. Mchezaji wa Mombasa anayepanda Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, huongeza kwa makadirio ya kawaida asilimia 10 hivi ya umbali kwa fimbo zilezile.

Soko lenyewe lilishiba. Mwaka 2014, maduka yakiwa yamejaa draiva zilizopitwa na matoleo mapya kabla ya kuuzwa, mtandao wa maduka ya Dick's nchini Marekani uliwaachisha kazi wataalamu wake wa gofu zaidi ya 400. Agosti 2016 Nike, yenye jina kubwa kuliko wote na Tiger Woods mkononi, ilitangaza kuacha kutengeneza fimbo. Waliobaki wakaegemea upimaji: mteja hupiga mipira mbele ya rada inayosoma kasi na mzunguko, kisha hutengenezewa mpini wa urefu na ugumu unaomfaa. Hapo mara nyingi ndipo fedha hulipa, kwa sababu fimbo isiyolingana na mwili wa mtu haimfai hata ikiwa ya juzi.

Watunga sheria nao wamerudi pale mabadiliko yalipoanzia, kwenye mpira. Desemba 2023 R&A na USGA zilitangaza kwamba masharti ya kuupima mpira yatakazwa, kwa wachezaji wa kulipwa kuanzia 2028 na kwa wote kuanzia 2030, ili mapigo marefu yapungue. Kikomo cha ukubwa wa draiva hakikuguswa, ila taasisi hizo zilisema zitaendelea kuzichunguza draiva, hasa uwezo wake wa kumsamehe mchezaji aliyegonga mpira nje ya katikati.